Nani Anamnyoa Lulu

Jumatatu moja ya Aprili, mvua ikiwa imekatika alfajiri, Clotilda aliingia uani kumsalimu Lulu kama kawaida yake, akampapasa shingoni, mkono wake ukakuta kipara.

Hakikuwa kikubwa; viganja viwili hivi, katikati ya shingo, pale ambapo singa nyeupe zilikuwa zikimwagika kama pazia. Zilizobaki zilisimama fupi fupi, zimekatika ovyo, kama kazi ya mtu mwenye mkasi butu na haraka. Akazunguka nyuma. Mkia nao, kule juu unakoanzia, ulikuwa umenyonyoka hadi ngozi inaonekana.

"Awadhi!"

Awadhi, mtunza farasi wake, alitoka bandani na ndoo ya maji. Alikuwa mtu wa Kilwa Kivinje, mwembamba, miaka arobaini na kitu, mwenye maneno machache hata siku ya furaha.

"Nani anamnyoa Lulu?"

"Anajikuna, Mama Nice."

"Anajikuna. Na Komando je, mbona yeye hajikuni?"

Awadhi alimtazama Komando, dume la kahawia lililohasiwa, aliyekuwa akitafuna majani yake bila habari na mtu. Shingo yake ilikuwa nzima, mkia umejaa. Banda moja, pumba moja, maji ya bomba moja.

"Hapo ndipo na mimi sijui," alisema, akaweka ndoo chini.

Jibu hilo halikumkaa Clotilda moyoni. Alikuwa Mchaga wa Kibosho, mjane, mwenye duka la vitambaa vya harusi Kariakoo, na ukikaa Kariakoo miaka ishirini na mitano unajifunza kwamba kitu hakipungui chenyewe. Jora likipungua, kuna mkono. Na sasa Lulu alikuwa anapungua. Farasi huyo alimnunua Sanya Juu, chini ya mlima, miaka miwili iliyopita, kwa ajili ya familia za Wahindi wa Upanga ambazo bwana harusi wao haendi kwa mkwewe ila juu ya farasi jike mweupe, singa zimesukwa maua. Jumamosi hiyo hiyo palikuwa na harusi. Mama wa bwana harusi, Sitara, alikuwa amekuja mwenyewe kumwona Lulu mwezi uliopita, akampiga picha kila upande.

Mchana, Clotilda alimwachia duka mdogo wake, Polycarp, akaenda sokoni kwenye safu ya wauza dawa za asili. Hakujua hasa anatafuta nini. Alipita penye mizizi, penye ubani, penye vifuu vya mafuta, akafika kwa mzee mmoja aitwaye Twaha, na pale, juu ya kichwa cha mzee, palining'inia usinga mweupe pe.

"Karibu mama."

"Ahsante. Shikamoo mzee. Ule usinga ni wa nini?"

"Marahaba. Ule wa farasi, mama. Wa ng'ombe ni hizi huku, lakini ule ndiyo wenyewe. Wakungwi wanaugombea."

"Farasi wa wapi?"

Twaha alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mama nawe. Nikikwambia ninakoutoa, kesho si utakwenda mwenyewe?"

"Wa hapa hapa mjini?"

"Kwani Dar ina farasi wangapi?"

Alisema kama mzaha, lakini maneno yalimwingia Clotilda kama mwiba. Aliununua ule usinga bila kuomba apunguziwe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya sokoni maisha yake yote, akauzungushia gazeti, akautia kwenye mkoba.

Polycarp alipouona alipiga mluzi. "Dada, mimi nilisema zamani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani analala uani? Nani ana ufunguo? Na hawa watu wa kusini na mambo ya dawa..."

"Nyamaza, Polycarp."

Alimnyamazisha, lakini hakumpinga.

Kesho yake jioni alifanya hila. Saa kumi alimuaga Awadhi kwamba anaenda nyumbani, akazunguka mtaa, akarudi kwa mlango wa mbele wa duka na kupenya hadi stoo ya nyuma, yenye dirisha dogo linalotazama uani. Uwa ule upo mwisho kabisa wa mtaa, ardhi inapoanza kuteremkia bonde la Jangwani, na msimu wa masika maji hutuama nyuma ya ukuta wiki nzima. Clotilda alisimama kati ya majora ya lesi na satini, akasubiri.

Jua lilipoanza kulegea, aliona moshi.

Tangu ghala la jirani liteketee na vitambaa vyote, alikuwa amepiga marufuku moto uani, hata jiko la chai. Na huyu hapa Awadhi, amechuchumaa mbele ya kopo la bati, anaweka majani, moshi mzito wa kijivu unapanda na kumfunika Lulu tumboni. Kisha akamimina kitu kutoka kwenye chupa, akakisugua kiganjani, akaanza kumpaka farasi shingoni, mgongoni, chini ya mkia. Midomo yake ilikuwa inacheza. Lulu alisimama kimya, macho nusu yamefumba, kama aliyelishwa kitu.

Clotilda hakutoka. Aliondoka alivyokuja, na njia nzima alijiuliza ni nani hasa aliyekuwa amemkaribisha uani kwake miaka miwili hii.

Asubuhi ya Jumatano hakutaka kujiuliza tena. Barazani mbele ya duka walikuwapo watu wa kila siku: wanywa kahawa kwenye benchi lao, wapagazi wawili, na Mwanamkuu, muuza chapati, na karai lake. Awadhi alikuwa anafagia. Polycarp alileta begi la Awadhi kutoka bandani, na Clotilda, mbele ya wote hao, akaligeuza juu chini.

Vikaanguka msuli, kofia, redio ndogo, mswaki, chupa ya mafuta ya kijani. Mwisho ukaanguka utepe mweupe wa satini, na juu ya utepe, zimeshonwa kwa uzi kwa mstari ulionyooka, singa za Lulu.

Watu waliguna. Mzee mmoja wa kahawa alisema, "Lahaula."

"Sema," Clotilda alimwambia.

"Ni zile anazoacha kwenye nguzo akijikuna," Awadhi alisema taratibu. "Nilikuwa naziokota. Nashona za kubandika, Jumamosi watu wa Upanga wasione kipara, wewe usiaibike."

"Usiniletee hadithi. Na ule moshi wa jana?"

"Moshi nimewasha, kweli. Mwarobaini. Jioni kuna vidudu."

"Nilikataza moto."

"Ulikataza."

"Na ulikuwa unanong'ona nini?"

"Namsemesha Lulu. Atulie."

Mtu mwenye hatia angepiga kelele, angeapa kwa mama yake. Huyu hakuapa, na hilo nalo Clotilda alilihesabu kuwa ujanja. Alimwambia achukue vyake aende. Awadhi aliinama akaokota kimoja kimoja. Mswaki ulikuwa umebiringika hadi chini ya meza ya Mwanamkuu. Mwanamkuu aliuokota, akaupangusa kwa kanga yake, akampa bila kumtazama Clotilda. Utepe Awadhi aliuacha pale pale chini.

Polycarp akanunua kufuli jipya lenye funguo mbili, mmoja wake, mmoja wa dada yake, akahamishia godoro bandani.

Alhamisi asubuhi Lulu alikuwa anatoka damu.

Shingo yote ilikuwa kidonda kibichi. Chini ya tumbo ngozi ilikuwa imevimba uvimbe uvimbe, na shina la mkia limechubuka kama limepigwa randa. Komando, kando yake, alikuwa anang'aa.

"Amemtupia kitu kabla hajaondoka," Polycarp alisema.

"Koma. Sisi ni watu wa kanisa."

Lakini dukani siku ile aliwapimia wateja vitambaa huku akili yake inazunguka kama nzi kwenye glasi. Alimfikiria muuza pumba, ambaye wiki iliyopita alileta gunia la rangi tofauti. Alimfikiria Godbless, mwenye mahema mtaa wa pili, aliyewahi kusema mbele za watu kwamba farasi wa Mama Nice watamharibia biashara yake ya harusi. Kisha, akiwa anakunja kitambaa, wazo likaja ambalo lilimwogopesha: kufuli lina funguo mbili. Akainua macho taratibu na kutazama mikono ya mdogo wake, kucha zake, kama zina unywele mweupe.

"Dada, unatazama nini mikono yangu?"

"Sitazami kitu."

"Unatazama."

Alitazama pembeni kwa aibu. Huyu ndiye mdogo wake aliyebebwa mgongoni mwake Kibosho akiwa mtoto. Ikiwa amefika kumshuku huyu, basi hakukuwa na mtu duniani aliyebaki. Aliamua atazame kwa macho yake mwenyewe.

Saa kumi alimwamuru Polycarp abaki dukani. Akaingia uani, akafunga kufuli kwa ndani, funguo zote mbili akazitia kifuani, akakalisha kreti la soda katikati ya uwa mahali anapoona kila upande: geti, ukuta, dirisha la stoo. Akakaa na kitenge chake mapajani kama mlinzi wa benki.

Hakuna aliyekuja. Kule nje pikipiki zilipiga honi, mtu aliuza maembe kwa kipaza sauti, vijana wenye jezi za kijani na njano walipita wakiimba kuelekea Jangwani. Jua lilishuka nyuma ya ukuta. Upepo ukakatika ghafla, uwa ukatulia kama chumba kilichofungwa mlango.

Ngozi ya Lulu ilitetemeka.

Ikatetemeka tena, kuanzia begani hadi kwenye paja. Farasi alipiga kwato, akapiga tena, akatupa kichwa tumboni kujing'ata. Kisha akarudi kinyumenyume hadi kwenye nguzo ya banda, akaegemeza shina la mkia, akaanza kujisugua, kulia kushoto, kulia kushoto, kwa nguvu hadi mabati ya paa yanalia. Alipomaliza mkia aligeuka akaleta shingo. Clotilda aliona singa zinakatika na kubaki kwenye nyufa za mti. Aliona kwa macho yake mawili. Kipara kile kile, mkasi butu ule ule: nguzo.

"Mae! Lulu, acha mama, acha!"

Alikimbia kumshika, na hapo vifundo vya miguu yake vikawaka moto. Alijipiga kofi, akatazama kiganja. Vitu kama vumbi la mkaa, vidogo hata huwezi kuviita wadudu. Akamgusa Lulu chini ya tumbo. Mkono ulirudi umejaa vumbi hilo hilo, limechanganyika na damu. Sasa alipojua pa kutazama, aliviona: wingu jembamba, halitoi sauti, limetanda chini ya farasi pale pale ambapo juzi palikuwa na moshi.

Alisimama katikati ya uwa amejishika kichwa. Angekuwa mwizi, angemkamata. Angekuwa mchawi, angemkemea kwa sala. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na mtu wakati wote, na yeye alikuwa amekwisha kumfukuza mmoja.

Ijumaa asubuhi alimwita daktari wa mifugo, mwanamke kijana aitwaye Severa, aliyekuja na buti za mpira na begi la mgongoni. Daktari alimkagua Lulu shingo hadi mkia bila kusema kitu, akamtazama Komando, akapanda kreti kuchungulia nyuma ya ukuta palipotuama maji.

"Huyu ametoka wapi, mama?"

"Sanya Juu. Mwaka wa pili sasa."

"Masika ya kwanza alijikuna?"

Clotilda alifikiri. "Kidogo. Tulidhani ni vumbi, au shampuu."

"Hawa ni usubi."

"Usubi si ule wa mito, unaopofusha watu?"

"Jina moja, mdudu mwingine. Huyu ni mdogo kuliko mbu mara nyingi. Chandarua cha kawaida anapita kama mlangoni. Anazaa kwenye tope na samadi iliyooza, anatoka alfajiri na jioni. Anauma farasi wote, lakini Lulu ana aleji ya mate yake. Mwili wake unawaka kwa kitu ambacho mwenzake hakisikii. Farasi aliyekulia mbali na wadudu hawa, ukimleta pwani, mara nyingi mwaka wa kwanza anavumilia. Wa pili ndiyo hivi."

"Kwa hiyo Komando..."

"Komando wanamuuma pia. Yeye ni mwenyeji, mwili wake umewazoea."

Clotilda alifungua mkoba akatoa ule usinga. Alikuwa bado anautaka uwe ushahidi wa kitu, dhidi ya mtu yeyote. Severa aliuzungusha mkononi, akatenganisha nywele kwa vidole, akacheka.

"Huu mkia wa ng'ombe, mama. Ona, nywele ndefu zimeota kwenye ncha tu, huku juu ni manyoya mafupi. Farasi singa zinaanza juu kabisa. Nani kakudanganya?"

Clotilda aliuliza swali alilolibeba tangu jana. "Daktari, mtu akifukiza mwarobaini jioni, akampaka na mafuta yake, inasaidia?"

"Inasaidia kidogo. Sana sana moshi. Nani alikuwa anafanya hivyo?"

"Mtu mmoja."

Severa alimdunga Lulu sindano ya kupunguza muwasho, akasema dawa ya kuponya kabisa haipo. Kinachobaki ni kumkinga. Samadi itoke kila siku. Saa kumi na nusu farasi awe ndani, feni kubwa imwelekee, maana usubi hawana mabawa ya kushindana na upepo. Na ashonewe nguo ya kitambaa chepesi chenye matundu madogo kabisa, kuanzia masikioni hadi mkiani.

Kitambaa Clotilda alikuwa nacho. Alishusha jora zima la neti ya shela, ile laini kuliko zote, akamwita fundi wake, wakampima Lulu kama bibi harusi. Kabla fundi hajamaliza, alipanda bajaji kwenda Upanga kwa Sitara. Angeweza kupiga simu, lakini alijua sauti ya kwenye simu haiaminiki.

Sitara alimsikiliza ngazini, mlango umefunguliwa nusu. "Ugonjwa wa ngozi? Unaambukiza? Wewe unaniambia leo, harusi kesho. Au kuna mtu kakupa zaidi?"

"Hakuna mtu. Hauambukizi. Ni wadudu."

"Wadudu wanamuuma mmoja tu?"

Clotilda alimtazama yule mama, macho yake yamekunjamana kwa shaka, akahisi anajitazama kwenye kioo. Hakukasirika. Alitoa simu akamwonyesha picha za vidonda, akampa namba ya daktari ampigie mwenyewe, akangoja pale ngazini. Sitara alipiga. Alirudi baada ya muda, mlango akaufungua wote, na chai ikaletwa. Jumamosi bwana harusi alikwenda kwa mkwewe juu ya Komando, aliyefunikwa hariri nyekundu, na mashangazi wawili wakanuna, basi.

Jumapili baada ya misa Clotilda alivuka kivuko cha Magogoni. Mwanamkuu ndiye aliyemwambia Awadhi yuko wapi; alimwambia baada ya kumfanya asimame mbele ya karai kwa muda mrefu. Alimkuta Kigamboni kwenye uwanja wa muuza matofali, anapanga matofali mabichi juani.

"Awadhi, habari za hapa?"

"Nzuri. Shikamoo, Mama Nice." Hakuacha kupanga.

"Marahaba." Alikuwa ameandaa maneno kwenye kivuko, yote yalipotea. "Nimeona mwenyewe. Ni usubi. Nimekukosea, nakuomba radhi."

Awadhi aliweka tofali, akalinyoosha. "Lulu anaendeleaje?"

"Amechubuka vibaya. Ameanza kutulia."

"Alhamdulillahi." Akapangusa mikono, na sasa akamtazama. "Mama Nice, begi langu ulilimwaga mbele za watu. Kahawa ile wanakunywa watu wa Kilwa. Habari imefika nyumbani kabla yangu. Mke wangu amenipigia analia, ananiuliza nimeiba nini. Radhi hii unaniomba hapa, tukiwa wawili na matofali."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Clotilda hakupata pa kushika. Alifikiria barazani pale, wapagazi, Polycarp, wateja wanaopita, yeye Mama Nice ambaye mtaa mzima humwamkia. Alifikiria pia mswaki ukibiringika.

"Njoo kesho asubuhi," alisema. "Saa mbili, kahawa ikiwa imejaa watu."

Alikuja. Alisimama kando ya mtaa mikono nyuma. Clotilda alitoka dukani, akasimama mbele ya benchi, na sauti yake, iliyozoea kuita wateja, ikagoma mara ya kwanza. Akaanza upya.

"Jamani, naomba mnisikilize. Jumatano mliniona namwaga begi la mtu huyu. Awadhi hakuiba. Farasi ni mgonjwa, ana aleji ya usubi, nimeona kwa macho yangu na daktari amesema. Yeye ndiye aliyekuwa anamtibu, na mimi nilimfukuza. Nilimsingizia. Awadhi, nisamehe."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Mzee wa kahawa alikohoa. Polycarp, mlangoni, alikuwa anatazama viatu vyake, dada yake alimgeukia, akangoja, hadi naye akatoka nje akasema, "Na mimi, kaka. Niwie radhi."

"Yamekwisha," Awadhi alisema. Kisha akaongeza, "Yatakwisha."

Hakusema kama anarudi kazini, na Clotilda hakuthubutu kuuliza. Awadhi alivua kandambili mlangoni kama zamani, akapita kuelekea uani. Lulu alikuwa amesimama ndani ya neti yake nyeupe, masikio tu yanachungulia. Aliposikia hatua aligeuza kichwa, akatoa sauti ile ya chini ya kifuani ambayo wiki nzima hawakuisikia.

Awadhi alipitisha mkono chini ya kitambaa, akagusa pale palipoanza kukauka. Kisha akainama akatazama feni.

"Nani kaweka hii?"

"Mimi," alisema Polycarp.

"Inapuliza kichwani. Wanamuuma tumboni." Aliishika kwa mikono miwili, akaanza kuishusha. "Shika huku."